Béatha, mpambaji wa Nyamirambo aliyefunga michoro yake kwa maneno kumi na mawili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Ukumbi mmoja wa harusi Nyamirambo, jijini Kigali, bado unanukia sabuni ya kupigia deki. Béatha Mukandekezi yuko juu ya ngazi, pini nne mdomoni, anavuta kitambaa cha kahawia kutoka nguzo hadi nguzo. Chini, wanaume wawili wanapanga viti. Mmoja anatoa simu apige picha.

"Weye! Weka mfukoni," Béatha anamwambia kwa meno, pini zikiwa palepale. "Utapiga picha bibi arusi akishaingia. Sasa hivi hii iko yangu."

Mwanaume anacheka, lakini simu inarudi mfukoni. Hapa ukumbini wanamjua Béatha kwa jina la bintiye, Mama Kaze. Mwaka jana picha zilimtoa machozi, na anasema machozi yale aliyatafuta mwenyewe.

Béatha ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako wazazi wake Wanyarwanda waliishi ukimbizini, na ndiko alikokipata Kiswahili chake. Alirudi Rwanda akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Kazi yake ya kwanza Kigali ilikuwa kufua vitambaa vya meza vya ukumbi wa sherehe. Alivifua hadi kucha zikaota ukungu. Siku moja mpambaji hakutokea, meneja akahangaika, na mfuaji akaombwa ajaribu.

"Nilipamba kwa matawi ya mikaratusi na vitambaa vilevile nilivyokuwa navifua," anasema. "Mama wa bibi arusi alinishika mkono akauliza, wewe umesomea wapi? Nikamwambia, kwenye beseni."

Mwaka 2015 aliungana na Scovia, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, fundi wa maua. Béatha alichora, Scovia alipanga maua na kuzungumza na wateja. Picha na michoro yote iliingia katika akaunti moja ya mtandaoni waliyoifungua pamoja, nenosiri moja, simu mbili. Hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa wakila sahani moja.

Waliachana mwaka 2021, baada ya kugombana kuhusu nani atajwe kwanza mbele ya wateja. Scovia akafungua duka Remera, lenye kioo kirefu na bango la taa. Béatha akabaki na chumba kimoja Gitega, ile ya hapa Kigali, vitambaa vimerundikwa hadi darini.

"Nilikuwa nikipanda pikipiki kwenda Remera bila shughuli yoyote," anakiri. "Namwambia dereva apite polepole mbele ya duka lake. Naangalia nani anaingia. Nikikuta wateja watatu, siku hiyo chakula hakipiti."

Pikipiki haikuwa yote. Katika droo ya jikoni kulikuwa na simu yake ya zamani, na simu hiyo ilikuwa bado ndani ya akaunti yao. Kila asubuhi Béatha alimimina chai, akaifungua, akatazama Scovia alichopamba jana na anachokichora kwa kesho. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu na zaidi.

"Nilijiambia, kusahau kumfungia mtu mlango si kosa langu, ni lake."

Nyani haoni kundule. Alipochukua simu mpya, muuzaji alimhamishia kila kitu kutoka ile ya zamani, akaunti ikiwemo. Tangu siku hiyo kila mchoro alioupiga picha ulikuwa ukienda Remera wenyewe, na yeye, aliyekuwa akifungua sehemu ya Scovia tu, hakujua.

Alijua mwaka jana mwezi wa sita. Liliane, mwalimu wa shule ya msingi, alimwagiza kwa harusi yake mapambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Béatha alichora kwa wiki mbili: pazia la matete, na juu yake korongo wa maganda ya migomba, kila mmoja akigeuza shingo upande wake. Liliane alipouona mchoro alilia kwa furaha. Wiki tatu kabla ya harusi alilia tena. Korongo wale walikuwa ukutani katika harusi ya mtu mwingine, na aliyewapamba alikuwa Scovia.

Liliane alivunja kazi. Béatha alirudisha avansi aliyokuwa amelipwa mapema, faranga laki tatu na nusu, ambayo nusu yake ilikuwa imeshanunua matete. Kisha akapanda pikipiki hadi Remera, na safari hii akashuka.

"Mwizi!" alipaza sauti mlangoni, wateja wakiwa ndani.

Scovia hakupandisha sauti. Alimvuta nyuma ya duka, akamfungulia simu. "Mama Kaze, ona. Picha zako zinaingia kwangu kila siku. Na zangu zinaingia kwako. Utaniambia hujawahi kuangalia?"

"Mimi sikuiba kitu."

"Na taa za vibuyu ulizoweka Kanombe? Ile harusi iliyokuletea wateja wote wale? Nilizichora mimi, nikiwa mgonjwa kitandani. Nilinyamaza. Nikasema, haya, akichukua na mimi nitachukua."

Akifika hapa Béatha anaacha kuvuta kitambaa. Anakunja kitambaa, anakikunjua. "Zilikuwa zake," anasema. "Watu walinisifu kwa taa zile, na mimi nikawa nimesadiki kwamba ni zangu. Wivu ulikuwa umenifanya hivyo. Nilimchukia kwa kuwa na kile ambacho mimi nilikuwa nimeshamchukulia."

Waliachana bila kuagana.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Bertrand, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na msikiti Nyamirambo. Alitaka hifadhi ya mtandaoni ambayo jicho la pili haliwezi kuingia. Bertrand alimweleza kuna huduma za namna hiyo: picha hufichwa kwa msimbo ndani ya simu yako kabla haijatoka, kwa hiyo kampuni inayoihifadhi inatunza kitu isichoweza kukisoma. Ufunguo unao wewe peke yako.

Béatha hakuwa mtu wa kuambiwa mara moja akaamini tena.

"Na hiyo programu yenyewe, nani ameniambia si mwizi?"

"Walioitengeneza wameweka maandishi yake, yale yanayoiendesha, wazi, mama. Mtaalamu yeyote anaweza kuyakagua, na wapo waliokagua wakatoa ripoti."

"Weye umeyasoma?"

"Oya, sijayasoma," Bertrand akasema. "Ripoti nimesoma. Maandishi yote siyawezi, ni mengi mno."

Jibu hilo ndilo lililomshawishi. "Angesema amesoma yote ningeondoka," anasema. "Mtu anayekuambia pale anapoishia kujua, huyo unaweza kutembea naye."

Hata hivyo aliijaribu kwanza. Aliweka picha ishirini za vitunguu alivyonunua sokoni Nyabugogo. Akamtaka Bertrand azifungue kupitia kompyuta yake bila ufunguo. Yakatoka matakataka ya herufi. Akaifuta programu kwenye simu, akaiweka upya, akaandika maneno kumi na mawili ambayo ndiyo ufunguo wake. Vitunguu vikarudi vyote.

"Ukipoteza maneno haya," Bertrand alimwonya, "mimi siwezi kukusaidia. Kampuni haiwezi. Michoro imekwenda." Béatha aliyaandika kwa mkono mara mbili. Karatasi moja iko ndani ya chumba chake Gitega. Ya pili anayo bintiye, Kaze, ambaye Béatha alimzaa akiwa na miaka ishirini.

Lililobaki lilikuwa dogo: kuondoka katika akaunti ya zamani. Ni kubonyeza tu. Lakini kuondoka kulikuwa na maana kwamba Scovia hataona tena vya Béatha, na Béatha hataona tena vya Scovia.

Alichelewesha siku kumi na moja. Michoro yake mipya ilikuwa imeshafungwa salama, naye kila asubuhi alikuwa bado anafungua droo. Siku ya kumi na mbili akakuta mchoro mpya wa Scovia: dari nzima ya vifuniko vya vikapu, vinaning'inia kwa urefu tofauti kama mvua inayoanza.

"Ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kuchora. Nikachukua penseli. Nilikuwa nimeshachora vifuniko sita nilipoutazama mkono wangu."

Alichana karatasi, akaenda kwa Bertrand bila kumaliza chai, akampa simu zote mbili. "Nitoe humo," akasema. "Sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo."

Tangu hapo anapata harusi mbili hadi tatu kwa mwezi, pungufu kidogo ya zamani. Wateja wanaokuja wanataka kitu chao peke yao, na anawaonyesha mchoro wakiwa wamekaa naye, kisha anaufunga. Je, wivu umekwisha?

"Umekwisha wapi!" anacheka, mara ya kwanza asubuhi hii. "Zamani nilikuwa na wivu wa nilichokiona. Sasa nina wivu wa nisichokiona, na huo ndio mkubwa. Najiuliza, leo anachora nini? Lakini ninachochora mimi ni changu, hata kikiwa kibaya."

Kaze anaolewa mwezi wa nane. Béatha ameandaa michoro thelathini na moja, na hakuna aliyeiona isipokuwa bibi arusi. Kadi za mwaliko zimeanza kutoka, na ya kwanza ilipelekwa Remera. Scovia amejibu kwa ujumbe wa neno moja: *Nitakuja.*

"Nimemtengea kiti cha mbele kabisa," Béatha anasema, akiichomoa pini ya mwisho mdomoni. "Nataka aone yote kwa mara moja, siku ileile, kwa macho yake. Mimi sitaangalia mapambo. Nitamwangalia usoni. Nikiuona wivu pale, hata kidogo tu, nitamkumbatia, maana wivu huo naujua."