Mstari Chini ya Jina la Kitabu

Kila asubuhi ninapofungua marufaa yangu, miguu yake miwili ya mti hulia kidogo, kama mzee anayekaa kitako. Sauti hiyo hunirudisha Kasongo, nyumbani kwa baba, wakati Wabelgiji walipokuwa bado wanatawala, nami nilikuwa mtoto wa kike mwenye kaye moja, daftari la shule, na kalamu ya wino.

Kwa asiyeijua, marufaa ni kibao kinachofunguka kama mkasi, nacho kitabu cha dini huwekwa juu yake kisiguse chini. Ya kwetu ilibeba kitabu cha dua alichokinakili babu kwa mkono wake huko Kabambare, kwa wino wa masizi ya chungu. Ukurasa wa kwanza aliandika jina la kitabu: Masurufu ya Njia. Mama alikifunga kwa kitambaa chenye harufu ya udi, na hakuna aliyekigusa bila kutawadha. “Kitabu chenye jina la Mungu hakilali chini,” baba alizoea kutuambia. “Anayelala chini ni mutu.”

Baba aliuza vitambaa na chumvi. Alikuwa ameniruhusu kwenda shule kwa shingo upande. Majirani walimtisha kwamba nitarudi bila dini, naye akawajibu kuwa siku atakapoona dharau hata ndogo, atanitoa. Sharti hilo nililijua vizuri, na shule niliipenda kama mtoto anavyopenda muwa.

Mwalimu wetu, Antoni, alikuwa Mkristo, mtoto wa wakulima wa upande wa Wamaza, mwembamba, mwenye koti moja la siku zote. Siku moja alitufundisha jinsi ya kuandika majina ya kazi za watu ndani ya insha. Jina la wimbo au la hadithi fupi hukaa kati ya vialama viwili vinavyofanana na mabawa ya mbayuwayu, kimoja mbele, kimoja nyuma. Jina la kitabu kizima hupigiwa mstari chini kwa lati, ule ubao mwembamba wa kunyooshea. “Musomaji ajue hapa kuna kazi ya mutu,” alisema, “asifikiri ni maneno yenu.” Kisha akatupa insha ya kuandika: kitabu kilicho nyumbani kwetu. Insha zisizo na kosa zingepelekwa kwa mkuu wa shule, aliyechagua watakaopanda darasa.

Jioni nilimwonyesha baba insha yangu. Aliutazama ule mstari, uso ukamkunjamana.

“Umechora sakafu,” akasema, “ukalaza kitabu cha babu yako juu yake. Shule iko inakufundisha hii?”

Asubuhi, kabla ya kutoka, niliinakili insha upya. Kanuni nilitaka kuishika, na baba nilitaka kumtii. Basi mstari nikauchora juu ya jina. Darasani, Asumani aliyekaa karibu nami akanyoosha shingo.

“Ee, angalieni! Zuhura amejengea kitabu nyumba! Mvua iko karibu?”

Darasa zima lilicheka. Mwalimu alikuja, akainama juu ya kaye yangu. “Zuhura, mama, mstari unakaa chini. Ukiacha hivi, siwezi kuipeleka kwa mkuu.”

“Nikiuweka chini, mwalimu, baba atanitoa shuleni,” nikasema, na machozi yakaangukia wino.

Hakunikemea. Alasiri tulisikia hodi mlangoni; mwalimu alikuwa ameshavua viatu. Baba alimkaribisha kwa kahawa, lakini kwa sauti kavu.

“Bwana mwalimu, masomo hatukatai. Tunakataa kitabu chetu kulazwa chini.”

“Naomba nikione tu, Baba Zuhura. Sitakigusa.”

Baba alitawadha. Akafungua marufaa, ikalia, akakiweka kitabu juu yake. Mwalimu alikitazama, mikono magotini.

“Na hii iliyo chini yake,” akauliza, “kazi yake iko nini?”

“Kukibeba. Kukipandisha.”

“Isipokuwepo?”

“Kitakuwa sakafuni, bwana mwalimu, hata mutoto anajua...”

Baba aligeuka. Akaitazama kaye yangu iliyokuwa wazi mkekani, akaitazama marufaa, akaanza kucheka taratibu mpaka kofia ikamteleza.

“Zuhura, leta lati. Mchoree babu yako marufaa yake. Na usiipinde!”

Insha ilipelekwa, nikapanda darasa.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wa akili ya baba. Nilikuwa mwalimu mimi mwenyewe, nimeketi mbele ya mzazi mkaidi, jibu liko kwenye ncha ya ulimi, ndipo nilipomkumbuka Mwalimu Antoni na mikono yake magotini. Jibu alikuwa amekwisha kuliona marufaa ilipofunguka. Angelisema, baba angeshindwa nyumbani mwake, mbele ya binti yake, nami nisingerudi shule. Akauliza kama mtu asiyejua, akamwachia baba alitamke. Mungu amlipe kheri.

Siku hizi wajukuu wangu huandika kwa mashine. Majina ya vitabu hawayapigii mstari, huzilaza herufi zake kidogo, zikawa kama watu waliorukuu. Nawaambia ni vizuri pia. Mimi bado nachukua lati, nauchora mstari polepole, na sijapinda hata mmoja.