Simu Iliyokataa Kidole cha Mama

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi hapa duniani. Nimelisema hilo miaka mingi, tena mbele ya watu wenye digrii zao. Shule niliishia darasa la nne. Ifakara niliingia na baiskeli isiyo na breki, nikibeba mpunga wa watu kutoka Idete, magunia mawili kwa safari moja, na leo nina mashine mbili za kukoboa, nyumba ya vigae na tanki la maji lililokaa juu ya mnara wake. Mafuriko nimeyaona yakiingia ghalani. Moto nimeuona. Mashine ikiunguruma nikiwa kitandani, nitakwambia mkanda upi umelegea. Aliwahi kuja fundi kutoka Morogoro, akafungua injini yangu kutwa nzima asione kitu. Mimi nikaweka kiganja juu ya bomba, nikamwonyesha penye kasoro. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea njaa.

Nyumbani kwangu kila kitu kipo. Runinga kubwa ipo, na rimoti yake ina vitufe vingi kuliko meno yangu. Vitatu ndivyo ninavyovijua. Nikigusa cha nne kwa bahati mbaya sauti inapotea, na haitarudi mpaka mke wangu ampigie binti yetu aliyeko Dodoma, naye aanze kutuelekeza, "Baba, bonyeza chenye mshale, siyo huo, ule mwingine." Vitufe vyenyewe ni vyeusi na maandishi yake ni meusi. Feni ipo, ina kitaa cha buluu kisichozimika, tumekibandika plasta ya kidonda. Jiko la umeme lipo, la kioo, halina kitu cha kuzungusha, unaligusa tu. Wali ukichemka maji yakamwagika, lenyewe linadhani limeguswa, linajizima. Mke wangu alilitazama wiki ya kwanza akasema, "Jiko gani hili linaogopa maji ya wali?" Akarudi kwenye mkaa. Jiko sasa tunapangia vikombe.

Mashine yangu ya kukoboa ina mkono mmoja. Ukiuvuta inakula, ukiurudisha inaacha. Hata mlevi anaielewa.

Nasema haya ili ujue kwamba nilikuwa nimeshaonywa. Sikuambiwa na mtu, vitu vyangu mwenyewe ndivyo vilivyoniambia, ndani ya nyumba yangu. Na bado nilikwenda nikamfanyia mama yangu nilichomfanyia.

Mama alikuwa akiishi kijiji cha Mbingu, peke yake, kwenye nyumba niliyomjengea. Kuja mjini alikataa. "Nikija huko, ndege wa kwenye mpunga wangu atawafukuza nani?" Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli maana mfuniko wake wa nyuma ulishapotea. Namba zake zote zilishafutika. Yeye alijua kitufe kimoja, cha pili mstari wa juu, akikishikilia anampata mwanawe. Kusoma hakujua. Simu aliikunja kwenye pindo la khanga, na kila siku nikishazima mashine, kabla ya jua kuingia, nilimpigia. Sijawahi kuruka siku. Wapo watu hapa mjini wamejenga maghorofa na hawajui mama zao wamekula nini, mimi nilijua mpaka mboga.

Sasa ikatokea sherehe ya kipaimara, kwa ndugu yetu mmoja. Mama akaja, akakaa meza ya mbele kama inavyompasa mama wa mtu. Simu ikaita, akaitoa. Mwenye duka mmoja, tunayefahamiana na tunayeoneana gere, akacheka kwa sauti.

"Tajiri wa mashine mbili! Mama yako anaongea na mpira wa baiskeli!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama naye akacheka. Mimi tu sikucheka.

Wiki hiyohiyo nilinunua simu ya kioo, ya bei ambayo sitaitaja. Nikaibandika protekta ya kukinga kioo, nene kuliko zote zilizokuwepo dukani, nikaivika kava la ngozi. Nikaweka picha yangu, ile niliyopiga siku ya kuzindua mashine ya pili, nimecheka meno yote nje, ili nikipiga mama aone ni nani. Nikaipeleka Mbingu mwenyewe.

Kwanza nilitaka kuifunga kwa kidole gumba chake, wezi wasiitumie. Simu ikasema weka kidole, ondoa, weka, ondoa. Haikuona kitu. Tukapangusa, tukajaribu cha kulia, cha kushoto. Nikavitazama vile vidole. Miaka sitini ya jembe, ya kung'oa magugu kwenye maji, ya kupura mpunga. Mistari ilikuwa imekwisha yote, ncha za vidole zimebaki laini na kavu kama mgongo wa kijiko. Wakati ule sikuwaza zaidi ya hapo. Nikaifunga kwa kidole gumba changu. Nikajisifu kabisa: mwizi akiichukua ataambulia kujitazama uso.

Fikiria. Simu iko Mbingu, ufunguo wake uko kwenye mkono wa mtu wa Ifakara.

"Kupokea hakuhitaji kufungua," nikamwambia. "Nikipiga, unagusa hapa kwenye kijani, unateleza kwenda juu. Basi."

Nikampigia pale pale. Akagusa. Kimya.

"Taratibu mama, hukamui ng'ombe."

"Nimebonyeza, haisikii."

"Haibonyezwi hii. Inaguswa."

Akanitazama. "Sasa baba, kitu usichokibonyeza kitajuaje kama unakitaka?"

Nilicheka sana. Kitochi nikakitia mfukoni, kesho yake nikampa mlinzi wa mashine.

Tangu siku hiyo kumpata mama ikawa kazi. Naita mara tatu, mara nne, halafu ndiyo anapokea. Jirani yake mmoja, mama wa jumuiya yao ya kanisani, ndiye aliyegundua kwamba kidole kikiwa kimelowa kidogo kioo kinakubali. Basi mama akawa anaweka kikombe cha maji mezani, kando ya simu.

"Shikamoo mama. Mbona hupokei?"

"Marahaba baba. Nilikuwa naloweka kidole."

Hadithi hiyo niliipeleka kwenye mashine, tukaicheka na wateja. Mtu ananunua kilo kumi za mchele huku anasema, "Bosi, mama ameshaloweka kidole leo?" Mimi mtu wa kusikia injini kwa kiganja, sikusikia hapo kwamba kuna kitu kimeharibika.

Na mama aliomba. Hili ndilo linaloniamsha usiku. Aliomba mara tatu, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. "Baba, nirudishie kile cha zamani." Mara ya kwanza nilimwambia atazoea. Mara ya pili nilimwambia zile hazitengenezwi tena, nikamdanganya. Mara ya tatu nilimwambia ukweli wangu: "Mama, watu watanionaje?"

Akasema, "Haya."

Halafu ikaja masika. Siku ile kulikuwa na jua la kuchoma tangu asubuhi, la kudanganya watu, na mama alikuwa ameanika mpunga wake uani juu ya turubai. Mchana wingu likatokea upande wa milimani. Kila mtu wa bonde hili anajua wingu lile lina dakika ngapi. Mimi nikiwa Ifakara nililiona, nikasema nimpigie mama, nimwambie asihangaike na mpunga, uloe tu, nitamletea mchele mwingine. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilipiga mara kumi na moja. Kuanzia ya tano nilikuwa na hasira. Ya nane nikasema yuko jumuiya, ameiacha nyumbani. Ya kumi na moja nikasema na yeye akue, nikaenda kula.

Mama alikuwa chini. Alikuwa amekimbilia turubai, akateleza kwenye udongo wa pembeni, mguu ukagoma kuinuka. Simu ilikuwa kwenye pindo lake. Aliitoa. Picha yangu ilikuwa inawaka, nimecheka meno yote nje, akawa ananigusa, na mvua nayo inanigusa. Kioo kilikuwa kimejaa matone kila mahali, simu haikujua ipi ni mvua na ipi ni mama. Ilipokatika alijaribu kunipigia yeye. Ikamdai kidole changu.

Jirani mfugaji ndiye aliyemkuta, jioni, akirudisha ng'ombe. Ni Msukuma, na msimu uliotangulia nilimtolea maneno mabaya mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa mama. Alisoma namba yangu kwenye kile kioo wakati naita mara ya kumi na mbili, ile ya kila jioni, akanipigia kwa simu yake mwenyewe, ya vitufe.

"Kaka, njoo na gari," alisema. "Mama yuko chini, amelowa, ana baridi. Nimemfunika koti langu. Simu yake inalia hapa, nawe unacheka tu kwenye kioo."

Nilikwenda. Barabara ilikuwa tope tupu, gari likakwama mara mbili, tukalisukuma. Nilimkuta ndani, jirani yule amemwashia moto na kumpa uji. Mpunga aliuingiza wote ndani, magunia mawili, kabla sijafika. Sikuweza kumtazama jirani yule usoni.

Hospitali walisema ni nyonga. Daktari alinivuta pembeni akanieleza kwamba kwa umri ule mfupa ni jambo moja, na kulala muda mrefu ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo baya. Tukamleta nyumbani kwangu. Nikamweka chumba cha mbele, chenye feni ya kitaa cha buluu. Mashine nikamwachia mtu mwingine, nikawa namgeuza mama ubavu kila baada ya saa mbili kama nilivyofundishwa.

Hakunilaumu. Angelaumu ingekuwa nafuu. Siku moja namlisha ndizi, akaanza kusimulia mwenyewe, kama anasimulia habari ya mtu mwingine.

"Nilikuona mara nyingi siku ile. Unakuja, unacheka, unaondoka. Nikasema huyu mtoto anacheka nini?"

Nikaweka sahani chini nikatoka nje. Nilisimama chini ya mnara wa tanki langu la maji, nikaishika nguzo yake, mwanamume mzima. Mke wangu alikuja akasimama kando yangu.

Mpunga wa mwaka ule ulikuwa bado haujakatwa wote alipofariki. Kifua ndicho kilichommaliza. Tulimzika Mbingu. Yule jirani mfugaji alichimba kaburi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakumpokeza mtu jembe.

Tulipomaliza matanga, dada yangu aliomba simu ya mama. Hana simu, nami sikutaka kuiona. Lakini ilikuwa imefungwa na kidole changu, ikabidi niipeleke kwa fundi. Pale sokoni kuna dada mmoja anatengeneza simu, ana kimeza chake na miwani ya kukuzia, mtu mzima mwenye watoto wake, mikono yake haitetemeki. Watu wanamsifu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nitolee loki hii."

"Weka kidole chako."

Nikaweka. Ikakataa. Nikaweka tena. Ikakataa. Nami nina vidole vya kazi. Akanipa kitambaa chenye maji, nikapangusa, ikafunguka mara ya nne. Akaitoa ile loki, kisha akachokonoa protekta kwa ukucha, akaibandua.

"Nani aliwabandikia kitu kinene hivi? Alikuwa anaitumia nani?"

"Mama yangu. Kidole chake kilikuwa hakisikiki."

"Kikavu?"

"Cha mkulima."

"Mbona kuna sehemu yake hapa, baba?"

Nikamwambia anionyeshe. Akaingia kwenye setingi. Humo akaingia sehemu ya kioo. Akashuka chini kabisa, akaingia sehemu nyingine tena, maandishi madogo, ya Kiingereza, na mwisho wake kuna kitu kama kitufe cha kijivu, unakisukuma kinakuwa cha buluu.

"Hii ni ya watu wanaovaa glavu, au wenye vidole vigumu. Ukiwasha, kioo kinasikia zaidi. Watu wengi hawaijui, imefichwa mno." Akaisukuma. "Haya, nakupigia. Usiloweshe mkono."

Simu ikaita mkononi mwangu. Nikateleza kwa kidole gumba, upande wenye sugu, mkavu kama ulivyo. Ikapokea mara moja.

"Haloo," akasema yule dada, ananitazama, yuko hatua moja kutoka kwangu, na sauti yake ikanitokea sikioni. "Haloo? Baba, si unasikia?"

Kazi yote haikufika dakika tatu. Nilimuuliza ni kiasi gani. Akasema kutoa loki na hiyo sehemu ya kioo, atanifanyia shilingi elfu tatu.