Duka Lililolala Kila Umeme Ulipokatika

Choyo cha maarifa hunichukiza kuliko wizi. Mwizi huondoka na kitu kimoja. Mchoyo wa maarifa huwafungia watu mlango, kisha hutaka ashukuriwe kila anapowafungulia. Katika miaka ile ya soko huria, tulipoambiwa kwamba kila mtu sasa ni mfanyabiashara, uovu huu ulipewa jina zuri: utaalamu.

Nilikuwa mwalimu wa historia mjini Songea, na katibu wa kikundi cha wanawake wasukaji wa vikapu huko Matogoro. Kwa miaka mingi vikapu vyao vilinunuliwa na mlanguzi mmoja kutoka Namtumbo, aliyepanga bei kabla hajashuka garini. Ndipo tukaamua kufungua duka la mtandaoni. Tulipata kompyuta, tukapewa nafasi katika chumba chenye dishi la intaneti. Mtoto wa mmoja wa wasukaji wetu, mtu mzima aliyesomea Dar es Salaam, akaja kuigeuza kompyuta ile iwe seva, yaani mashine inayolihifadhi duka na kuwafungulia wateja popote walipo. Aliweka Linux, mfumo wa kuiendesha mashine, akaweka programu ya seva, akapanga picha za vikapu. Kazi ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini aliifanya yote akiwa ametugeuzia mgongo, na neno la siri akabaki nalo peke yake.

Umeme wetu siku hizo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nao ulikatika ulivyotaka. Kila uliporudi, kompyuta iliwaka lakini duka halikufunguka. Basi akina mama, watu wa kuamkiwa shikamoo, walikwenda kumbembeleza mtu waliyembeba mgongoni. Alikuja alipojisikia. Alichinjiwa kuku. Aliandika amri moja, duka likafunguka, akaondoka.

"Tatizo ni kitambaa chenu," alisema siku moja. Akina mama walikuwa wamefuma kitambaa cheupe chenye maua na kuifunika mashine, kama wafanyavyo kwa redio nyumbani. "Mnaikaba pumzi. Hii si redio ya babu."

Walicheka kwa aibu, wakakiondoa. Umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ilikuwa wazi kama alivyotaka, na duka bado lilikuwa limelala. Nikamfuata, nikamuuliza kama programu ile haiwezi kujiwasha yenyewe.

"Inaweza, Mwalimu," alijibu akicheka. "Ni kuiagiza mara moja tu. Lakini nikishaiagiza, mtaniita kwa lipi?"

Hasira ilinipanda. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameahidi kulitazama duka Jumatatu iliyofuata, ndipo aamue kuagiza kwetu au kwingine. Mlanguzi naye alikwisha kuanza kupita Matogoro akiuliza, "Kompyuta imewanunulia vikapu vingapi, akina mama?" Wengine walikuwa karibu kumrudia.

Jumamosi niliitisha kikao mbele ya mashine, nikarudia maneno ya mtaalamu huyo naye akiwepo. Mama yake alikuwa akisuka. Kikundi kile kina utaratibu wake: hakuna anayeanza kitako cha kikapu peke yake. Mwenzake hukaa pembeni akitazama, ili mmoja akiugua au akifiwa, kazi isilale. Mama aliweka kikapu chini.

"Wewe, nani alikaa pembeni yako ulipoianza kazi hii?"

"Mama, haya mambo ya Linux..."

"Sikuuliza Linux. Nani alikaa pembeni?"

"Hakuna, mama."

"Basi kazi haijaanza. Ianze leo. Na kuku hakuna."

"Hata shingo?" akadakia mmoja.

"Hata unyoya!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mweka hazina wetu alivutiwa kiti, akabonyeza herufi kwa kidole kimoja huku mtaalamu akimtajia amri kwa sauti iliyokauka. Neno la siri likabadilishwa, wakalijua wanawake wawili. Programu ikaagizwa ijiwashe kila mashine iwakapo.

"Zima ukutani," mama akaamuru.

"Mama, itaharibika!"

"Umeme wa dizeli unapoizima, huwa unaiomba ruhusa?"

Tulizima, tukawasha, tukangoja. Vikapu vikatokea kwenye kioo, hakuna aliyegusa kitu.

Jumatatu umeme ulikatika asubuhi, ukarudi. Mnunuzi alilikuta duka wazi, akaagiza.

Hasira yangu haijaisha. Mtaalamu yule hajaomba radhi hadi leo, na wenziwe wamejaa maofisini, wamekalia wanachokijua kama kuku wa kutamia. Akina mama hawakuingoja radhi yake. Walirudi kusuka, wawili wawili. Na mama wa mtaalamu, waliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe huyo, tangu siku ile wanamwita Mama Seva.