Gari Lililotulia kwa Viazi

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mama husema nilizaliwa Juni, baridi ya Njombe ikanikuta ndani ya khanga nyepesi, nikajifunza kujipasha mwenyewe. Lakini hasira ninayoieleza hapa haikutoka kwenye baridi. Aliiwasha kaka yangu mkubwa, kwa gari ambalo hata halikuwa lake.

Gari tulilinunua watoto wote kwa ajili ya mama. Alikuwa ameteleza shambani kwake Kifanya akaumia uti wa mgongo, na daktari wa Makambako akasema aje kila wiki kufanyishwa mazoezi, la sivyo ipo siku miguu itagoma kabisa. Tukapata pikapu ya milango minne, fowili inayovuta kwa matairi yote manne, iliyotumika lakini nzima. Kaka anaishi Njombe mjini, kwa hiyo alikabidhiwa yeye: amchukue mama Kifanya, amlete kwangu Lyamkena, hapo hapo Makambako, alale, asubuhi nimpeleke hospitali kabla sijaingia darasani. Nafundisha hisabati sekondari.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kaka alipolinyanyua gari. Alisema ni kwa sababu ya mama, ati masika yakianza njia ya Kifanya inateleza. Uongo mtupu. Njia iliyokuwa inamkwamisha ni ya kwenda kwenye shamba lake la miti, na zaidi ya hapo alitaka gari lisimame refu kuliko mengine nje ya kanisa Jumapili. Akalipeleka kwa fundi mmoja wa Makambako aliyezoea malori ya barabara kuu, likawekewa springi nene nyuma na vipande vya chuma vya kuongeza kimo. Likatoka limebinua makalio kama bata. Kaka akanitumia picha.

Wiki hiyo mama alishuka kwangu uso umepauka. Akasema ni uchovu wa safari. Wiki iliyofuata nilimshika mkono wakati anashuka, akaniegemea kwa uzito wake wote.

"Gari linanguruma chini ya kiti," akasema kwa sauti ndogo. "Linanisaga mgongo. Lakini usimwambie kaka yako, amejitahidi."

Nilimwambia saa ile ile. Akanijibu kwamba gari refu lazima litikisike kidogo, fundi amesema ndiyo kawaida yake. Nilivyozidi kupiga kelele, fundi akasawazisha matairi, akayahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akabadilisha shokapu, na mwisho akailaumu lami. Kaka yeye hakuhisi kitu, amekaa mbele na usukani wake, redio juu, mgongo mzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndipo mama akaja na ombi jipya: mkija kunichukua, pakieni viazi. Tulicheka wote. Kwetu gari kwenda mjini tupu ni aibu, na mama ni mkulima mpaka kwenye kucha. Kaka akawa anapakia magunia, anayashusha soko la Makambako, na mama anafika ametulia. Viazi vya msimu vilipokwisha, mama akatangaza amepona.

"Waachieni wagonjwa wengine nafasi," aliniambia kwenye simu.

Wiki ikapita bila mazoezi, na nyingine, na nyingine. Nikapanda basi kwenda kumwona. Nilimkuta anavuka ua kwa kushika ukuta, na aliponiona akauachia haraka, akanipungia mkono na kunisalimu kwa Kibena. "Kamwene, mwanangu!" Kama vile hakuna kitu.

Nilifika Njombe nachemka. Nikamwambia kaka anipe ufunguo.

"Wewe unafundisha hisabati, siyo ufundi."

"Lete ufunguo, kaka."

Akapanda kando yangu amenuna. Tukashika barabara ya Makambako, gari tupu. Mwendo ukiwa mdogo lilikuwa shwari. Tulipokaribia themanini, mngurumo ukaanza chini ya sakafu, mzito, ukanipanda mpaka kiunoni. Usukani ulikuwa umetulia kabisa. Nikabadili gia na kushika mwendo ule ule: mtetemo ule ule. Nikatoa gia, nikaliacha liserereke lenyewe: bado linatetemeka. Basi si injini. Na kama ni matairi, kwa nini yalipohamishwa mtetemo haukuhama nayo?

"Nakwambia halina shida," kaka akasema. "Mbona mama akipanda na viazi halalamiki?"

Nilikanyaga breki nikaegesha pembeni, kwenye mipaina.

"Rudia ulichosema."

Akarudia, na mimi nikamtukana kaka yangu mkubwa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Sijuti mpaka leo. Mama hakuwa anafikiria soko. Alikuwa anatafuta uzito, maana gari likijaa nyuma linashuka, na likishuka linanyamaza. Miezi yote hiyo alikuwa anatutajia ugonjwa wa gari, na sisi tunamcheka.

Fundi nilimkuta anakunywa chai.

"Dada, haya mambo waachie wenyewe," akaanza.

Nikamwekea mkononi pimamaji niliyoiazima kwa seremala jirani yangu, nikamwambia ashuke nayo shimoni, chini ya gari. Kutoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu, lile bonge la katikati ya ekseli linalozungusha matairi ya nyuma, kuna bomba la chuma linalozunguka, propela, lenye kiungio mbele na kiungio nyuma. Giaboksi na difu zinatakiwa zilale kwa mlalo mmoja, ili kosa la kiungio kimoja lifutwe na mwenzake. Wao walilinyanyua gari, propela ikabaki kwenye mteremko mkali, na difu ikainamisha pua. Vile viungio vikawa vinagombana, na mgongo wa mama ndio uliokuwa unaamua ugomvi. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wangeiona pembe ile.

Fundi alipima mara mbili, akakohoa. Akachonga kabari za chuma, akazifunga kati ya springi na ekseli mpaka difu ikainua pua. Tukalijaribu tupu, themanini na zaidi. Kimya.

"Nilijua tu ni propela," kaka akasema. Nilimtazama mpaka akageukia dirishani.

Nikampigia mama simu nikamwambia tunakuja. Tulifika Kifanya asubuhi, kaka akiendesha, nyuma hakuna hata gunia tupu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, amevaa koti lake la kanisani. Kando yake yalikuwa magunia manne. Nikafungua mdomo wa moja. Viazi vichanga, ngozi inatoka kwa kuguswa, vya shamba ambalo maua yake yalikuwa bado hayajakauka. Alikuwa amewaomba majirani wamchimbie. Mama yangu, ambaye tukiwa wadogo alitupiga kwa kung'oa shina moja kabla ya wakati.

"Mama, gari limepona," kaka akasema. "Halitikisiki tena."

"Hata mwanzo uliniambia halitikisiki, baba," mama akamjibu kwa upole.

Kaka akanitazama mimi, kama vile nina neno la kumsaidia.

"Pakia," nikamwambia.

Akayapakia yote manne peke yake, na mimi nikasimama nimemshika mama mkono, sikumsaidia hata moja.