Lenga Lenga Kwenye Lango la Alder Run

Wapiga kura walipoidhinisha Wilaya ya Bustani za Alder Run, chombo kipya cha kusimamia bustani za umma karibu na Gahanna, mwishoni mwa 2013, wilaya hiyo haikuwa na kitu ila mkurugenzi mmoja, Bwana Harlan, na shamba moja lililotelekezwa. Kwenye kona ya shamba hilo Adolphine, mama Mkongo aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee, alikuwa amelima mboga miaka miwili kwa ruhusa ya mwenye shamba wa zamani. Harlan alimhakikishia kwamba atavuna kwanza, ndipo wajenge bustani.

Asubuhi moja ya Julai alikuta trekta imeshapita. Lenga lenga, yaani mchicha wa kwao, maharage, maboga, vyote vimesagika. Harlan aliomba radhi kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye basi, akarudi kwenye simu yake.

Adolphine hakulia. Kule Walungu, kwao Kongo, alishakimbia mashamba mara mbili, na waliomfukuza hakuwaona tena. Huyu alikuwa na uso, na ofisi, na saa za kazi. Akampigia dada yake mkubwa, Generoza, aliyeishi Louisville.

"Yaya, unitumie mbegu ya lenga lenga. Mingi."

"Ya kupanda wapi? Si ulisema wamekata yote?"

"Bon, tuma tu. Nitakuambia."

Majira ya kuchipua yaliyofuata, wilaya ilitafuta watu wa kujitolea kupanda maua langoni. Aliyewasimamia alikuwa Charlotte, mwalimu mstaafu, ambaye alimfundisha Adolphine majina ya maua na kumrudisha nyumbani kwa gari lake. Kwa Jumamosi mbili, kila Charlotte alipogeuka, Adolphine alimwaga mbegu kati ya miche. Kanisani, mchungaji alipohubiri kuhusu kusamehe, Adolphine alitazama viatu vyake.

Mvua ikanyesha vizuri, na kila mtu akadhani ni maua yanayoota. Siku ya kufungua bustani, lenga lenga zilifika kifuani na maua hayakuonekana. Gazeti la mtaa lilitoa picha ya Harlan akikata utepe katikati ya kichaka. Adolphine aliikata picha ile akaibandika kwenye friji, na kwa siku nne kila alipofungua friji alicheka.

Siku ya tano akasikia kwamba Harlan amemlaumu Charlotte mbele ya wote, kwamba amezeeka hatofautishi ua na magugu, akamnyang'anya funguo za stoo.

Wiki hiyo Adolphine alikwenda kwenye kikao cha bodi ya wilaya. Akasimama, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini:

"Charlotte hajui kitu. Mbegu nilimwaga mimi. Bwana Harlan aliniahidi nitavuna, kisha akakata chakula changu. Nikamharibia siku yake. Ningefanya tena, ila si kwa kumtumia mama huyu."

Mwenyekiti alimuuliza Harlan kama ahadi hiyo ilikuwapo. Harlan alipekua karatasi zake kwa muda mrefu, mwishowe akakubali. Charlotte alirudishiwa funguo. Adolphine alikatazwa kujitolea tena, na mwaka uliofuata, wilaya ilipotenga viwanja vya kulima mboga, hakuomba kimoja.

Kuhusu aliyomfanyia Harlan, Adolphine anasema analala vizuri. Lakini alikutana na Charlotte mara moja dukani, Westerville, naye Charlotte akamsalimu kwa kichwa tu, akapita. Adolphine amemwandikia Charlotte barua mara tatu, binti yake Gracieuse akimsahihishia Kiingereza. Hajatuma hata moja.