Chumba cha Makochi

Fundi cherehani alikuwa na sebule isiyokaliwa. Makochi aliyoyapata kwa kushona sare za shule mpaka mgongo ukagoma yalikuwa bado na nailoni ya dukani, na juu ya nailoni ametandika vitambaa vyeupe alivyodarizi mwenyewe, vimepigwa pasi vikanyooka. Familia ilikula jikoni, kwenye benchi. Mumewe, dereva wa lori, kila akirudi safari alikuwa na utani ule ule: aliuliza kama leo kibali chake cha kuingia kimetoka. Jirani yao muuza mkaa naye alisema nyumba ile hata nzi anavua viatu mlangoni. Fundi alicheka nao, lakini ufunguo haukutoka kwenye pindo la kitenge chake.

Kisha mama mkwe akaja kuishi nao, kumbukumbu zimeanza kumtoka na mkojo haumngoji tena. Fundi hakumnyanyasa. Alimwogesha, alimpoozea uji, alimfulia mashuka kila asubuhi bila kununa. Bibi aliomba kitu kimoja tu, na alikiomba kila alipokikumbuka: akae kwenye dirisha la mbele aone watu wakipita. Dirisha hilo lilikuwa la sebuleni. Fundi alimjibu, kesho, Mama. Na kwa kuwa bibi alisahau, kesho hiyo haikumgharimu kitu.

Zamu ya kupokea sala za nyumba kwa nyumba ikamfikia. Alimlaza bibi chumba cha nyuma, akamfunika vizuri, akarudishia mlango, akawafungulia wageni sebule. Wakakaa kwa adabu, nailoni ikilia chini yao kila mtu akijisogeza. Mzee wa kanisa alisoma ile amri ya kutoabudu sanamu, akauliza sanamu za siku hizi ni zipi. Hapo midomo ikafunguka. Mmoja akataja mpira, mwingine akataja magari, na fundi akataja simu ya muuza mkaa, ambayo alisema inashikwa kuliko Biblia. Watu wakacheka. Muuza mkaa akaificha mfukoni.

Kicheko hakijaisha vizuri, wakasikia kitu kikikwaruza sakafu. Bibi alikuwa mlangoni, amepiga magoti kwenye saruji, gauni limelowa nyuma, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa anatazama vile vitambaa vyeupe na maua ya plastiki mezani.

"Mwanangu," alimwambia fundi kwa sauti ya chini, "leo nimefika mpaka kanisani. Waambie wahudumu sitachafua. Nitasali hapa hapa mlangoni."

Fundi aliitazama sebule yake. Akaona vile alivyokuwa akiingia humo kila siku peku peku, anapangusa taratibu, hataki sauti, hataki mtoto. Shingo ikamwaka moto. Na bado, Mungu anajua, wazo lake la kwanza lilikuwa lile gauni bichi.

Alikwenda kwenye cherehani akachukua mkasi. Akawainua wageni kwenye kochi la dirishani, akakata nailoni toka mwanzo hadi mwisho, akaivuta, akaitupa chini. Kisha akampitishia bibi mkono kiunoni.

"Si kanisani, Mama. Ni nyumbani kwako. Inuka ukae."

Bibi akakaa. Haukupita muda, kitambaa cha kochi kikaanza kubadilika rangi chini yake. Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kutafuta tambara. Akaurudisha, akaukalia, akabaki pembeni ya bibi mpaka ubichi ukamfikia na yeye. Mzee wa kanisa aliendelea kusoma, sauti ikimkatika.

Asubuhi yake bibi hakukumbuka kama alishawahi kukaa pale. Aliomba dirisha tena, kama anaomba mara ya kwanza, na fundi akampeleka. Ikawa hivyo kila siku, na si kila siku moyo wa fundi ulikuwa mweupe. Kuna siku aliuma meno. Mpaka asubuhi moja bibi hakuomba kitu, na mashuka yalikuwa makavu.

Baada ya mazishi dereva alisimama mlangoni pa sebule kwa mazoea, bila kuuliza lolote. Doa lilikuwa pale pale dirishani, kubwa, halijafunikwa.

"Kaa tu," fundi akamwambia. "Mama alikuwa anakaa hapo."