Jedwali la Nne na Mama Mkwe

Chuo chetu ni cha kanisa, na huko hakuna kinachoanza bila sala: kipindi, kikao, hata mtihani. Siku ya kutetea tasnifu, anayefungua kwa sala ni mtahiniwa mwenyewe. Hilo nililijua. Nilichosahau ni kwamba mimi nikiomba, huwa naomba kweli kweli.

Nilitetea kwa njia ya video nikiwa Mikumi, kwenye chumba cha gesti kando ya barabara kuu, kwa sababu nyumbani Kilosa mtandao ulikuwa umegoma. Malori yananguruma nje, mimi juu nimevaa koti la heshima, chini kanga. Kanuni ilitaka niwe peke yangu chumbani, lakini mtoto bado ananyonya, na mama mkwe alikuja kunishikia. Nikamketisha kitandani, nyuma ya kompyuta, nikamsihi asitoe hata neno. Mimi ni muuguzi, na ruhusa yangu ya masomo ilikuwa inaisha mwezi ule. Nikianguka, narudi wodini bila shahada ya uzamili, basi tena.

Mwenyekiti wa jopo, profesa mmoja mkali, akasema, "Dada, tuombee."

Nikafumba macho. Nikashukuru, nikaombea wagonjwa, nikaombea mtandao, moto ukanipanda: "Na lile jedwali la nne, ee Bwana, uwafumbe macho watumishi wako wasilione!"

Amina. Nafumbua macho, nawaona wote watatu wanafunua kurasa.

"Tuanze na jedwali la nne," akasema profesa.

Mungu wangu! Nilitamani kuingia uvunguni. Utafiti wangu ulihusu kina mama wa Masanze wanaochelewa kufika kituoni kujifungua. Niliwauliza nani huamua waende lini, na kwenye jedwali hilo karibu wote walijibu, "Mimi mwenyewe."

"Wewe unaliamini hilo jibu?"

"Siliamini, profesa. Kila nyumba niliyoingia, mama mkwe alikuwa amekaa pale pale. Nimeshampa shikamoo, kaitikia marahaba, kanipa kigoda. Nitamwambiaje atupishe, na nyumba ni yake?"

"Mtafiti anaomba faragha! Unamwambia kwa adabu, anatoka. Kuna ugumu gani?"

Hapo mama mkwe wangu uvumilivu ukamshinda. Akainuka na mtoto mgongoni, akainamia kamera mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Baba, mbona unamfokea mkwe wangu?"

Nikajua nimekwisha. Profesa akashtuka, kisha mdomo ukamtangulia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Wale wengine wawili nao wakaamkia, mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe akavuta kiti, akaketi bega kwa bega nami. "Haya, endeleeni. Nawasikiliza."

Profesa akakohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, samahani kidogo…"

"Sema tu, baba."

Akawatazama wenzake. Mmoja akajifanya anasoma, mwingine ameuma mdomo, mabega yanatikisika.

"Hapana, mama. Nilikuwa nasema karibu."

Jamani, kicheko! Nilicheka hadi mbavu zikauma, na mama mkwe akacheka kwa sababu sisi tunacheka. Profesa ndiye aliyechelewa kunyamaza. Akapangusa machozi, akanitazama.

"Umepita, dada. Kwenye mapungufu ya utafiti, andika kwamba hata jopo limeshindwa kumtoa."